Kwa Kiswahili "compromise" ni maridhiano, ni suluhu, au ni kukubali yaishe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna neno moja limeninyima usingizi siku tatu. Nimeona niliweke hapa, wenye Kiswahili chao wanisaidie na wenye ubishi wao wabishe.

Kazi yangu ni kutafsiri. Wiki hii nimepewa mwongozo wa vikao vya usuluhishi baina ya wakulima na wafugaji, utakaosomwa vijijini. Ukurasa wa pili una sentensi ya Kiingereza yenye neno "compromise" mara mbili. Mara ya kwanza pande zote mbili zinahimizwa kulifanya. Mara ya pili zinaonywa zisithubutu kuifanyia hivyo misingi yao. Neno lile lile, sentensi ile ile: mwanzo ni sifa, mwisho ni fedheha. Mwingereza anaipita bila hata kukohoa. Mimi imenikaba.

Niliandika "maridhiano", nikafuta. Nikaandika "muafaka", nikafuta. "Suluhu" ililala kwenye karatasi usiku mzima, asubuhi nikaifuta nayo.

Sababu ya kufuta ndiyo mada yangu. Maneno yetu yote ya jambo hili yanataja mwisho mwema, hayataji kilichotolewa. Maridhiano: kila mmoja ameridhika na mwenzake. Muafaka: tumeafikiana, mambo yamelingana. Suluhu: pametengemaa. Mapatano: kila mmoja kapata. Sasa mtu wa kwenye "compromise" hajaridhika. Ameacha kitu alichokitaka, na bado anakitaka, ila amesaini. Kiswahili kinamtaka mtu huyo atoke kikaoni akisema yuko radhi. Anatoka na kinyongo, lakini kwa kuwa neno limeshamsemea kwamba ameridhika, hakuna anayerudi kumuuliza.

Naona siasa zetu nyingi zimevunjikia hapo. Je, tunalo neno la kuachia nusu ya unachokitaka, macho makavu, bila kujifanya umefurahi? Na kama hatuna, je, ni kwa kuwa jambo lenyewe tunaliona ni la aibu?

Dalali wa Kinondoni

Mkuu, umezunguka sana kwa jambo linalofanyika Kariakoo kila asubuhi. Muuzaji anasema arobaini, mteja anasema ishirini, wanagombana, wanaitana ndugu, mteja anajifanya anaondoka, anaitwa, wanafunga kwa thelathini. Unauliza: vipi? Unajibiwa: tumepatana. Hapo nani kafurahi? Hakuna. Wote wawili wanaamini wamepigwa. Na neno halijamdanganya mtu.

Mimi kwenye tangazo la nyumba naandika "maongezi yapo". Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mpangaji anayo ya mitatu, wanakutana kwenye minne. Ukimsikia mwenye nyumba anavyolalamika utadhani kaibiwa. Lakini funguo ametoa.

Neno lipo: kupatana. Funga kazi, udai hela yako.

Mleta mada

Dalali, nakubali nusu. Kwenye bei kuna katikati, kwa sababu pesa inagawanyika. Nipe katikati ya ng'ombe kupita shambani na ng'ombe kutopita. Nipe katikati ya mtu aliyeshinda uchaguzi na aliyetangazwa.

Bint wa Chake

Hilo la mwisho umelitia makusudi, na mie nimelisikia.

Mie ni mtoto wa Pemba. Kwetu maneno haya hatukuyakuta kwenye kamusi, tumeyaishi moja baada ya jingine, kila moja na mwaka wake. Kwa hiyo niruhusuni niyapange.

Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi, Dk. Salmin wa CCM alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF 49.8. Ikafuata miaka minne ya kutosalimiana. Watu hawazikani, hawanunui kwa mwenye duka wa chama kingine. Juni 1999 Jumuiya ya Madola, wakati huo Katibu Mkuu wake ni Chifu Emeka Anyaoku, ikazikalisha CCM na CUF zikatia saini. Ukaitwa Muafaka. Sote tukajifunza neno hilo, hata mabibi zetu. Uchaguzi wa 2000 ukaja na mambo yale yale, halafu ikaja Januari 2001. Tarehe 26 na 27 risasi zilipigwa kwa waandamanaji. Tume ya Mbita, iliyoundwa na Serikali, ilihesabu waliokufa 31; wengine walihesabu zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, na ami yangu mmoja wao. Mie nilikuwa skuli ya msingi. Ninachokikumbuka ni uzito wa mtungi wa maji ambao siku zile hakuna mwanamme wa kuubeba.

Tarehe 10 Oktoba 2001 makatibu wakuu wawili, Mangula wa CCM na Maalim Seif wa CUF, wakatia saini tena. Muafaka wa Pili. Huu ulikuwa na meno kuliko wa kwanza: Tume ya Uchaguzi iingizwe watu wa upinzani, daftari la kudumu la wapiga kura, tume ya pamoja ya kusimamia utekelezaji. Baadhi yalitekelezwa. Kisha mazungumzo ya tatu yakaenda mpaka Machi 2008, kikao cha CCM Butiama kikasema jambo hili lipelekwe kwanza kwenye kura ya maoni, CUF wakaona wamezungushwa, yakavunjika.

Sasa tazameni. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, Zanzibar, wao kwa wao, hapana mzungu, hapana Madola. Na jina likabadilika! Haukuitwa Muafaka wa Nne wala wa Tatu. Yakaitwa Maridhiano. Kwa nini? Kwa sababu neno muafaka lilishachoka. Lilishakuwa jina la karatasi. Maridhiano lilikuwa jina la watu wawili waliokaa chini wakazungumza.

Na hapo, ndugu mleta mada, ndipo sikubaliani nawe. Unasema neno linaficha gharama. Mie naona lile la 2009 lilifanya kazi kubwa kuliko vifungu vyote vya 2001. Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba uchaguzi ukafanyika, Dk. Shein 50.1, Maalim 49.1. Hesabu ile ile ya 1995 karibu! Lakini safari hii hapakuwa na maiti. Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ami yangu akarudi kuvua na watu asiowasalimia miaka kumi na tano.

Gharama ilikuwepo, tena tuliijua. Nusu ya watu waliamini ushindi ni wao, na wakanyamaza. Hapana aliyewaficha.

Mpenda soka

Kwa waandishi wa michezo, 1-1 ni sare. 0-0 ndiyo suluhu. Maana yake suluhu ni mechi ambayo hakuna aliyefunga. Nimemaliza.

Sikubali

Bint wa Chake, pole kwa yaliyowakuta, lakini umeisimamisha hadithi pale inapopendeza. Endelea. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar, Jecha, alifuta uchaguzi mzima. Machi 20, 2016 ukarudiwa bila CUF, Shein akapata asilimia 91. Yako wapi maridhiano? Na yule mzee Hassan Nassor Moyo, aliyeiongoza Kamati ya Maridhiano, mwanzilishi wa chama mwenye kadi namba 7, chama chake kilimfukuza mwaka huo huo wa 2015. Huo ndio mshahara wa mpatanishi.

Huku bara tumeona ya kwetu. Rais Samia alikuja na R nne, yaani maneno manne ya Kiingereza yanayoanza na R, la kwanza likiwa maridhiano. CCM na CHADEMA wakakaa vikao. Januari 2023 mikutano ya hadhara ikafunguliwa. Zaidi ya hapo? Katiba mpya iko wapi? Wenzetu waliokuwa wakiingia vikaoni mtaani walishaitwa walamba asali. Na Januari 2025, pale CHADEMA walipochagua mwenyekiti, neno maridhiano lilikuwa la kumpigia mtu, si la kumsifia. Mbowe, aliyekiongoza chama tangu 2004, alipata kura 482, Lissu 513. Wajumbe walikuwa wanapigia kura tafsiri ya neno lako, mleta mada.

Ukiniuliza mimi, tafsiri ya "compromise" ni funika kombe mwanaharamu apite. Na sisi wenye haki zetu ndio kila siku tunaoitwa wanaharamu.

Bint wa Chake

Sikuisimamisha, nilikuwa nameza mate. Ya 2015 nayajua, niliyapigia foleni. Ila nikuulize: kilichovunja 2015 ni watu kuridhiana, au ni mtu mmoja kutoridhia? Ukibomolewa nyumba hulaumu ramani.

Mtu wa Likoni

Shikamooni wakubwa, na hamjambo wadogo. Nyinyi Watanzania mna maneno mazuri mno, ndiyo shida yenu. Njooni huku kwetu mjifunze uchafu.

Sisi tarehe 28 Februari 2008, baada ya miezi miwili ya kuchinjana, watu zaidi ya elfu moja wamekufa na laki kadhaa wako kambini, Kibaki na Raila walitia saini mbele ya Kofi Annan pale nje ya Harambee House. Kwenye karatasi palikuwa na majina makubwa ya kisheria. Mwananchi akaliita serikali ya nusu mkate. Basi. Neno hilo lina kila kitu anachokitafuta mleta mada. Linakwambia kulikuwa na mkate mzima, kila mmoja aliutaka, kila mmoja kapewa nusu, na wote bado wana njaa. Hakuna aliyeridhika na hakuna anayesema ameridhika. Baraza la mawaziri likawa na watu arobaini, maana nusu mbili za mkate wa siasa huwa zinazidi mkate mmoja.

Lakini ile serikali ilituletea Katiba ya 2010. Kwa njaa ile ile.

Halafu Machi 9, 2018, pale pale Harambee House, Uhuru na Raila wakapeana mikono. Hii ikaitwa handisheki. Na tazameni neno linavyosema ukweli tena: ulikuwa mkono tu. Hapakuwa na mkate. Ikazaliwa BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, ikazunguka nchi nzima, Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaizika. Wakubwa walipatana, sisi tukaangalia.

Kwa hiyo usitafute neno la heshima, bwana mfasiri. Tafuta la jikoni.

Dalali wa Kinondoni

Hahaha, nusu mbili zinazidi mkate mmoja. Hiyo naiiba.

Wakili asiye na joho

Naomba tulirudishe neno nyumbani kwake kidogo, kwa sababu naona tunalihukumu bila kulisikiliza.

Ni la Kilatini: compromissum. "Com" ni pamoja, "promissum" ni kilichoahidiwa. Kuahidiana. Katika sheria ya Roma halikuwa na maana ya kuachia nusu hata kidogo. Watu wawili wenye mgogoro, badala ya kwenda mahakamani, walimchagua mtu wa tatu, kisha wakaahidiana kwamba lolote atakaloamua watalishika. Ahadi hiyo ilifungwa na adhabu: atakayekaidi uamuzi atalipa kiasi kadhaa kwa mwenzake. Digesti ya Justiniani, mkusanyo wa sheria za Roma wa mwaka 533, ina sura nzima ya jambo hili. Hata mwamuzi mwenyewe akishakubali kazi, alilazimishwa kuimaliza. Hakuruhusiwa kukimbia katikati kwa kuogopa lawama.

Kiingereza kililipata karne ya 15 kupitia Kifaransa, nalo likiwa bado na maana hiyo ya kumkabidhi mwamuzi. Kuachiana kulikuja baadaye, kwa kuwa waamuzi wengi huishia kugawa. Na baadaye zaidi ikaja maana ya kujihatarisha, kwa mantiki nyepesi: ukishaweka ahadi yenye adhabu umejiweka mikononi mwa wengine, umejianika. Ndiyo maana leo wanalitumia kwa nywila iliyovuja, kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, na kwa kiongozi aliyekutwa mahali ambapo hakupaswa kukutwa. Wahispania wameibakiza ile maana ya mwanzo. Kwao "compromiso" hadi leo ni wajibu, ahadi uliyoifunga. Mfaransa akinunua nyumba, karatasi ya kwanza anayosaini kabla ya hati yenyewe anaiita "compromis". Dalali naona masikio yamesimama.

Hoja yangu: mleta mada anasema tumekosa neno la gharama. Mimi nasema tulichokosa ni ile adhabu ya Warumi. Muafaka wa 1999 ulikuwa ahadi. Nani alilipa nini ulipovunjwa? Handisheki nayo ni ahadi. Mdhamini wake nani? Neno liwe tamu, liwe chungu, likiwa halina cha kumbana anayelivunja ni maneno tu. Kaandikeni "maridhiano" mkitaka, ila kifungu kinachofuata kiseme asiyeridhia atalipa nini.

Ustadhi wa mtaani

Assalamu alaykum. Wakili kaenda Roma, mimi nakwenda karibu na asili ya maneno yenyewe, maana matatu kati ya manne mliyoyataja ni ya Kiarabu. Muafaka ni shina moja na taufiki. Maridhiano yanatoka kwenye radhi, ile ile ya "niwie radhi" na radhi za wazazi, kisha sisi Waswahili tukaitia "-ana" yetu ili isiwe ya mmoja. Na suluhu ni shina moja na maslahi. Kwa hiyo anayesema suluhu haitazami maslahi hajui baba wa neno.

Kuhusu gharama kufichwa, someni Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Waislamu kama 1,400 wametoka Madina kwenda kufanya umra, wamezuiwa. Suhail bin Amri, mjumbe wa watu wa Makka, anakuja kuandikiana. Anakataa isiandikwe "Mtume wa Mwenyezi Mungu", iandikwe Muhammad bin Abdullah. Sayyidna Ali hakuthubutu kulifuta. Likafutwa na Mtume mwenyewe, rehema na amani ziwe juu yake. Masharti: mwaka huu mrudi mlikotoka. Mtu wa Makka akikimbilia kwenu bila idhini ya walinzi wake, mrudisheni. Wenu akija kwetu, hatumrudishi. Sayyidna Umar alisimama akauliza kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu. Na katikati ya maandishi anatokea Abu Jandal, mtoto wa huyo huyo Suhail, amesilimu, yuko kwenye minyororo, anaomba achukuliwe. Akarudishwa.

Hiyo ndiyo suluhu, na hakuna mahali gharama imefichwa. Masahaba walikuwa wazito hata kunyoa nywele zao kwa huzuni. Kisha ikashuka sura inayouita huo ushindi ulio wazi, na baada ya miaka miwili Makka ikafunguliwa. Hawakuridhika siku ile. Suluhu haihitaji uridhike siku ile.

Mama wa watatu

Ustadhi, ahsante, Abu Jandal kaniliza. Lakini usiishie Hudaibiya. Kuna aya ya 128 ya Suratun Nisaa, ile inayosema suluhu ni bora. Wewe unajua imekuja mahali gani: mwanamke anayehofia mumewe atamtupa. Wanaruhusiwa wasikilizane, na kwa kawaida anayepunguza haki zake katika kusikilizana huko ni yeye.

Nimekaa kwenye vikao vitatu vya familia kwa ajili ya ndoa yangu. Kila mara mzee mmoja aliisoma nusu ile ya aya. Mara ya kwanza nikaacha biashara. Mara ya pili nikakubali mke mwenzangu ahamie chumba cha uani. Mara ya tatu sikubakiwa na cha kupunguza, ndipo wakaniambia sina subira. Mume wangu katika vikao vyote vitatu aliahidi kurudi nyumbani mapema.

Kwa hiyo mimi niko na mleta mada. Nataka neno ambalo likisemwa, kila mtu chumbani lazima ataje alichokiacha. Mwenye mikono mitupu aonekane.

Ustadhi wa mtaani

Mama, umesema haki. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba aya hiyo ina nusu ya pili, nayo inawageukia waume iwaambie wamche Mungu na wafanye wema. Wazee wako waliiruka.

Mjukuu wa Ruyigi

Amani kwenu. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, Kiswahili changu mtanisamehe.

Sisi huko kwetu tulijaribu kuweka gharama kwa namba. Mkataba wa Arusha, tarehe 28 Agosti 2000. Alianza Mwalimu Nyerere kuusuluhisha, akafariki Oktoba 1999, akamalizia Mandela. Tulipofika kwenye Katiba ya 2005 kila kitu kilikuwa na hesabu. Bungeni na serikalini Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi 40. Seneti nusu kwa nusu. Jeshini kabila moja lisizidi nusu. Batwa wakapewa viti vitatu vyao katika kila baraza. Mama wa watatu, ni kama ulivyotaka: kila mtu alitaja alichokiacha. Wahutu ni wengi kuliko asilimia 60, wakaacha. Watutsi walikuwa wanalishika jeshi, wakaacha.

Na vyama vingine siku ile vilisaini huku vikiandika pembeni kwamba havikubaliani na vifungu fulani. Niliposikia hilo nikiwa mtoto nilicheka. Leo naona hao ndio walikuwa wakweli kuliko wote.

Namba zilizuia vita visirudi kwa namna ile ya kwanza. Hazikuzuia 2015, kwa sababu ugomvi wetu wa 2015 ulikuwa wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na namba zilikuwa za makabila. Adui alipita mlango ambao haukuhesabiwa.

Wazee wetu, bashingantahe, walikuwa wanapiga fimbo chini wakati wa kuamua. Sijui kama walikuwa na neno la "compromise". Walikuwa na fimbo.

Sikubali

Mjukuu, heshima yako. Lakini unaona? Hata kwa namba, mwenye nguvu alipotaka alipita. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walishamaliza.

Mleta mada

Sikubali, umenipa neno bila kujua. Ngoja niwaeleze.

Jana usiku niliamua niache kamusi, nikampigia mzee mmoja wa baraza la kijiji ambako mwongozo huu utasomwa. Nikamsomea sentensi kwa maana yake, bila kumtajia neno lolote. Nikamuuliza: hapa kwenu mtu akifanya hivi mnasemaje? Hakufikiri hata kidogo. Akasema: "Si wanapishana."

Kupishana. Nimelala nalo. Njia ni nyembamba, wawili wanakutana, kila mmoja anasogea ukingoni, nusu ya mguu kwenye nyasi, wanapita. Hakuna aliyeridhika na nyasi zenye umande. Hakuna aliyepata kitu isipokuwa njia. Na kwa wakulima na wafugaji, njia ndiyo ugomvi wenyewe.

Halafu utamu wake uko hapa: tunasema pia watu wamepishana kauli, wamepishana lugha, maana yake wamegombana. Neno moja, sura mbili, moja ya heri moja ya shari, kama lile la Mwingereza. Nilidhani hatuna, kumbe tunalipita kila siku barabarani.

Nimeandika hivi: "Pande zote mbili zikubali kupishana, kila upande utaje unachokiachia, bila kuuza misingi yake." Kutaja ni kwa ajili ya Mama wa watatu. Wakili, kifungu cha adhabu sikupewa mimi kukiandika, lakini nimeweka alama pembeni nikauliza kwa nini hakipo.

Wakili asiye na joho

Pembeni ndiko kunakoanzia. Umefanya vizuri.

Mtu wa Likoni

La njiani badala ya la jikoni. Haya, napisha.

Mama wa watatu

Zuri. Ila mleta mada, kabla hujatuma, sikiliza na hili. Sisi nyumbani kwa mama tulikuwa na kiwanja karibu na barabara kuu. Siku moja walikuja watu wamevaa makoti ya rangi ya machungwa wakapaka alama ya X nyekundu ukutani. Barua iliyofuata ilisema wananchi wanaombwa kupisha mradi. Tukapisha. Barabara imepita, ni nzuri, nimeipita mwenyewe juzi nikienda kliniki. Sisi hatukurudi njiani tena.

Neno lako linategemea herufi mbili za mwisho. Wakiziondoa kwenye kikao, litabaki kupisha, na anayepisha atakuwa yule yule.

Mleta mada

Mama, umenirudisha usiku wa kwanza.

Bint wa Chake

Usifute! Tuma. Andika kwa wino mzito hizo herufi mbili.

Dalali wa Kinondoni

Na hela yako umelipwa lini?

Mleta mada

Bado. Waliniambia nusu kabla, nusu baada. Nusu ya kwanza ndiyo nazungumzia kwamba bado.